Shajara ya uyoga wa magogo, Msabaha: Aprili hadi Agosti 2024

Jumapili, 14 Aprili: gogo lenye rafu

Mwembe wa marehemu babu ulianguka miaka miwili nyuma, ukalala kando ya njia ya shamba huku Msabaha, nje ya mji wa Malindi. Tulipanga kuliuza shina kwa wachonga mitumbwi, maana mwembe hautupwi pwani hii, ila ndugu hawakuafikiana bei na mvua haingoji kikao. Leo, siku ya nne baada ya Idi, nimekwenda na msumeno nikitaka nijikatie mbao za viti. Nimekuta shina limeota rafu.

Nasema rafu kwa kuwa sina neno bora. Si ule uyoga wa mwavuli unaochomoza kwenye samadi ukanyauka siku ya pili. Huu hauna mguu. Umejibandika ubavuni mwa gogo, nusu duara, bapa, mgumu kama soli ya kiatu, mwingine mmoja mmoja na mwingine umepangana kama vigae. Mimi ni seremala, riziki yangu iko kwenye kutazama uso wa mbao, na kilichonishika ni rafu moja kubwa karibu na mizizi: kahawia nyekundu, inang'aa kana kwamba imepigwa vanishi mikono mitatu na msasa katikati, na ukingoni imezungukwa na mkanda mweupe. Mng'ao ule sijawahi kuupata kwa brashi.

Msumeno nimeurudisha mfukoni. Nimeazimia kufuatilia sura za uyoga huu tangu masika hadi kusi likauke, kisha nitengeneze sanduku la kioo lenye sampuli, likae karakana. Naandika ili mwenye gogo lake afuate, na nitakapoharibu nitasema nimeharibu wapi.

Matumizi ya leo: nauli ya matatu kutoka mjini, kwenda na kurudi, shilingi 100. Itajirudia kila safari, sitaitaja tena mpaka hesabu ya mwisho.

Jumamosi, 20 Aprili: ndoo, kosa la kwanza

Nimechuma vipande sita kwa patasi, nikavitia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, nikafunga vizuri visiumie njiani. Nikafika usiku, nikachoka, nikalala. Asubuhi ndoo inanuka kama godoro lililolowa na kila kipande kimefuga ukungu wa kijani. Kumbe nilivipikia mvuke wenyewe kwa wenyewe. Vyote sita nimevitupa.

Dawa yake ni bahasha za kaki, zile za kupelekea barua za ofisi. Karatasi inapumua. Nimenunua 20 kwa shilingi 200. Kila kipande bahasha yake, na juu yake niandike tarehe, mti gani, upande wa jua au wa kivuli, na urefu kutoka ardhini. Haya mambo manne yaandikwe pale pale shambani. Nyumbani utayakumbuka vibaya.

Jumamosi, 4 Mei: kupiga picha, na kwa nini picha zangu zote za mwanzo ni za kijani

Binti wa dada yangu amekuwa nami. Shule zilikuwa zifunguliwe 29 Aprili zikasogezwa kwa sababu ya mafuriko, na mtoto wa kidato cha pili akikaa nyumbani siku tano anageuka mzigo kwa mamake. Huku shambani amegeuka karani, tena karani mkali.

Yeye ndiye aliyegundua kwamba picha zangu zinadanganya. Chini ya miembe mwanga wote umechujwa na majani, kwa hiyo simu inapaka kila kitu ukijani. Uyoga mweupe unatoka kama umeoza, mwekundu unatoka kama tope. Tumeweka kipande cha karatasi nyeupe kando ya kila rafu kabla ya kupiga, halafu nyumbani tunasawazisha picha mpaka karatasi iwe nyeupe kweli. Na rula ya shule imelazwa pale pale, shilingi 30. Zamani nilikuwa naweka kidole changu kama kipimo. Kidole cha fundi si kipimo, kimevimba.

Tatizo kubwa lilikuwa tumboni mwa rafu. Uyoga huu hutambuliwa zaidi kwa upande wake wa chini kuliko wa juu: kama kuna vitundu au pamechanjwachanjwa, vitundu ni vidogo kama vya sindano au vikubwa kama vya sega la nyuki. Rafu ikiwa shibiri moja kutoka ardhini huwezi kuingiza kichwa. Nikatoa wazo la kulibiringisha gogo. Tukasaidiana na kijana anayelinda shamba, tukatia miti chini, tukalizungusha robo, na matumbo yakatazama pembeni kama madirisha. Picha zikatoka nzuri sana. Lilikuwa kosa la pili, na kubwa kuliko la ndoo, ila siku hiyo tulipeana mikono.

Majina ni ya binti. Ule unaong'aa ni Vanishi. Vitabuni ni jamii ya Ganoderma. Ule mwembamba, rangi ya chungwa iliyokolea hadi nyekundu, unaota upande unaopigwa na jua, ni Pilipili, yaani Pycnoporus sanguineus. Ule mdogo wa kijivu wenye manyoya, kama kipepeo cha kupulizia jiko, ni Kipepeo, Schizophyllum commune. Wenye vitundu vikubwa vyenye pembe ni Sega, wa jamii ya Hexagonia. Kuna na mmoja laini kama sikio la mtoto, unatetemeka ukiugusa; mlinzi amesema kwao unapikwa. Huo nimeuacha nje ya mradi, maana si mgumu, na sitaki mtu asome shajara ya seremala akaenda kutia sufuria jikoni.

Jumamosi, 11 Mei: vumbi la kakao

Nimekuta Vanishi amepoteza mng'ao. Juu amefunikwa na vumbi la kahawia, laini kama kakao, na majani yaliyo chini yake yamefunikwa vivyo hivyo. Nikasema ni vumbi la barabara ya Malindi, nikaanza kulifuta kwa leso. Binti akauliza kwa nini basi Pilipili, aliye hatua mbili tu kutoka pale, hana vumbi.

Ni mbegu zake. Spora. Zinadondoka kwa mamilioni kutoka vitundu vya chini, na kamkondo ka hewa kadogo tu kanaziinua na kuzitua juu ya rafu yenyewe. Siku ile ya kwanza nilimkuta anang'aa kwa sababu mvua ilikuwa imemwosha usiku. Kwa hiyo kwenye maelezo ya sura yake inabidi kuandika mara mbili: kabla ya mvua na baada ya mvua, na anayemtafuta wakati wa jua asitafute mng'ao, atafute kakao.

Nimejaribu kupokea spora kwenye karatasi. Unakata kipande, unakilaza tumbo chini juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeusi na nusu nyeupe (manila mbili, shilingi 60), unaacha usiku kucha. Mara ya kwanza nililaza dirishani. Upepo wa kusi ukapita, asubuhi karatasi tupu na meza imepakwa. Mara ya pili nimefunikia bakuli. Vanishi ameacha alama ya kahawia iliyo wazi kwenye nusu nyeupe. Kipepeo ameacha nyeupe, inayoonekana kwenye nusu nyeusi peke yake. Pilipili hajaacha kitu. Nadhani nilichuma aliyekwisha kazi.

Jaribio moja dogo la Vanishi ambalo halina gharama: tumbo lake likiwa bichi ni jeupe kama chaki. Pitisha ukucha. Mchoro unageuka kahawia palepale na haufutiki. Binti ameandika jina lake kwenye kipande kimoja, na huo ndio uliokuja kuwa sampuli nzuri kuliko zote.

Jumamosi, 25 Mei: kukausha, majaribio manne

Kwanza, jua. Bati la paa, siku mbili. Pilipili amepauka, akawa rangi ya karoti ya jana. Kipepeo amejikunja akawa kama ukucha. Sega peke yake ndiye aliyestahimili.

Pili, jiko la makaa lililokaribia kuzima. Moshi umeingia kwenye vitundu vya Vanishi na tumbo jeupe limekuwa kama la sufuria ya ugali.

Tatu, sanduku la kadibodi lenye taa ndani. Nimenunua balbu shilingi 200, nikatoboa matundu chini na juu, nikaning'iniza sampuli kwenye waya wa dirisha. Siku mbili nzima hakuna kilichokauka. Nilipotia mkono ndani nikaona hakuna joto lolote. Nilinunua balbu ya LED, na LED haipotezi umeme mwingi kwenye joto, ndiyo sifa yake. Nilikuwa natafuta kasoro nikanunua sifa.

Nne, balbu ya waya ya kizamani, wati 60. Madukani mjini zimeadimika. Nimezipata mbili duka la vifaa vya mifugo, wanawauzia wafuga vifaranga, shilingi 80 kila moja. Sanduku lile lile. Pilipili, Sega na Kipepeo wamekauka siku moja. Vanishi siku nne, na mizani ya muuza sukari imesema ameshuka kutoka gramu 310 hadi 120. Rangi zote zimebaki. Anayefuata shajara hii aanzie hapa.

Habari ya Kipepeo inastahili mistari yake. Ukimgeuza utaona mistari iliyosambaa kutoka alipojibandika kwenda ukingoni, inafanana na ile ya uyoga wa mwavuli, lakini kila mstari umepasuliwa katikati kwa urefu, kama ulimi wa nyoka. Akikauka, kila nusu inajikunja upande wake na kufunika uzazi. Nilichukua yule aliyekunjamana juani, nikamweka kwenye kisahani, nikamdondoshea maji matone matatu. Tukamtazama. Baada ya kama nusu saa alikuwa anafunguka, mistari ikirudi kukutana, na manyoya ya mgongoni yamelala. Jioni amekuwa kama aliyechumwa leo. Kwa hiyo kilichoonekana kimekufa kwenye gogo kavu mwezi wa pili huenda hakijafa.

Jumamosi, 8 Juni: gogo lililogeuzwa

Shule zimefungua 13 Mei, binti anakuja Jumamosi tu. Leo tulikuwa tupime Vanishi aliyekuwa anakua kwa kasi. Tukamkuta kilema.

Sehemu ya zamani imesimama kama sahani kwenye kabati, vile tulivyoigeuza. Lakini kutoka ukingo wake mweupe kumeota mdomo mpya, na mdomo huo umejikunja kwa pembe kali, umelala bapa. Nilikuwa na pima maji mfukoni kwa kazi ya mlango wa mtu. Nikaiweka juu ya ule mdomo. Kiputo kikaja kikasimama kati ya mistari miwili. Mafundi niliowafunza miaka mitatu hawajaniwekea rafu sawasawa namna ile.

Sababu yake ni vile vitundu. Kila kitundu ni mrija, spora inatakiwa idondoke wima bila kugusa ukuta. Mrija ukilala upande, spora zinanata humo humo. Basi uyoga unaota ukisikiliza ardhi iko wapi, na gogo likigeuka unajenga upya kufuata ardhi, haujali ya zamani. Maana yake ukikuta gogo porini lenye rafu zilizosimama wima na nyingine zilizolala juu yake, unajua lilianguka au lilibingirika baada ya kuota rafu za kwanza.

Kwangu hiyo ni faida ya elimu na hasara ya mradi. Vipimo vyote vya wiki nane vya gogo lile havina maana tena. Na upande wa Pilipili, ambao nao tuliuzungusha, sasa uko kivulini na hajaongeza hata milimita moja.

Marekebisho: tumechagua gogo la pili, tawi nene la mwembe huo huo, mita tano kutoka pale. Limepigiwa kabari pande zote mbili, na nimechora mshale wa rangi kuonyesha juu ni wapi. Halibingirishwi kwa ajili ya yeyote. Tumbo tunalitazama kwa kioo cha mkono cha kunyolea, shilingi 100, unakiteleza chini ya rafu na unapiga picha ya kilichomo kiooni. Picha inatoka kinyume lakini vitundu havina kushoto wala kulia. Shilingi 100 hizo ningezitoa mwezi wa nne ningekuwa na mfululizo kamili.

Jumamosi, 22 Juni: unga mezani

Baada ya Idi kubwa nimefungua droo ya sampuli, nikakuta chini ya bahasha ya Vanishi unga laini kama wa randa ya umeme. Nikajua unga huo. Nimeuona chini ya vitanda vya wateja. Nimepasua kipande: ndani kuna mashimo na vidudu vya kahawia, vidogo kuliko chembe ya mchele. Vilikuja humo humo kutoka shambani, joto la balbu halikuvitosha, vikaendelea kula kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Dawa ya mbao sikutaka kuipaka, ingebadilisha rangi na ndiyo mali yenyewe. Nilichohitaji ni baridi kali, na friji yangu ni ya kupoza maji tu. Nikaenda kwa mama mmoja muuza samaki ambaye nilimtengenezea meza.

“Mama, shikamoo. Naomba nafasi kwenye friza, wiki moja.”

“Marahaba mwanangu. Samaki gani?”

“Si samaki mama. Ni uyoga, tena wa kuni.”

Akanitazama kwa muda. “Uyoga wa kuni na changu, wapi na wapi? Haya lete, lakini ukinuka, nautupa.”

Nilimkazia mfuniko wa friza bawaba zake mbili, tukawa sawa. Utaratibu ni huu: sampuli ziwe kavu kabisa, ziingie kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, wiki nzima kwenye friza, kisha zitolewe zikae siku moja bila kufunguliwa mpaka zifikie joto la chumba. Ukifungua zikiwa baridi, hewa ya Malindi inatua maji juu yake na unarudi kwenye ukungu wa ndoo. Naongeza baadaye: nimerudia wiki ya pili kwa mayai yaliyokuwa yamenusurika. Mpaka naandika sijaona unga tena. Harufu ya samaki ipo kidogo kwa Sega, vitundu vyake vikubwa.

Jumamosi, 13 Julai: ndani ya gogo

Gogo la kwanza limekwisha kuharibika kwa mradi, basi nimelikata. Nilianzia pale Vanishi alipojibandika, nikakata kila sentimita 20 kuelekea matawini, nikitafuta mbao nzima.

Chini ya Vanishi mti si mti. Umepauka, mwepesi, ukibana unabonyea na unachanika nyuzi nyuzi kama kitambaa cha katani. Uyoga wa namna hii unakula lignini, ile inayoupa mti ugumu na rangi, unaacha nyuzi nyeupe. Ni tofauti na nguzo ya paini iliyokuwa nyuma ya karakana yangu, ambayo ilioza ikawa kahawia na kukatika vipande vya mraba kama makaa ya mawe. Ule ni uyoga mwingine, unakula nyuzi na kuacha lignini.

Rafu kubwa ya nje ilikuwa na upana wa sentimita 24. Uozo ndani nimeufuata mita moja na sentimita 40 kabla ya patasi kukataa kuingia kwa mkono. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia wateja “kata palipoota, kwingine mti ni mzima.” Nimewauzia watu maneno. Rafu ni sehemu ya kuzalia tu, hutoka nje baada ya mwenyewe kuwa ameshakaa ndani muda mrefu akila.

Kitu kimoja kizuri kimetoka humo. Kati ya eneo la Vanishi na eneo la Sega kuna mistari myeusi myembamba, imepinda pinda kama pwani kwenye ramani. Ni mipaka, kila uyoga umejenga ukuta dhidi ya jirani. Penye mistari na bado pagumu nimepata vipande vinne vya kutosha fremu. Naongeza baadaye: vililegea kwenye randa mara mbili, ikabidi vikauke kwanza wiki tatu na vinyweshwe gundi nyepesi kabla ya kushika msasa.

Jumamosi, 10 Agosti: Gede, na sanduku

Likizo imeingia, binti ameomba twende magofu ya Gede, ambayo mwezi uliopita yameingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Chini ya miti mle kuna magogo yaliyolala, na rafu zimejaa. Hatukugusa kitu. Kwenye magofu huchumi, na ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke huchumi bila ruhusa. Sampuli zangu zote ni za shamba letu na naomba anayefuata afanye hivyo. Ila kioo cha kunyolea kimepita langoni bila swali. Tumepata matumbo kumi na moja. Kwenye gogo moja binti amesimama akasema, “Mjomba, hili lilibingirika.” Rafu mbili wima, ya tatu bapa juu yake.

Sanduku limekamilika: sakafu ya plaiwudi niliyokuwa nayo, fremu ya mwembe wenye mistari, kioo cha juu shilingi 600. Kwenye pembe nimetia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kila uyoga una vipande viwili, mmoja mgongo juu na mmoja tumbo juu, pamoja na karatasi ya spora pale ilipopatikana. Vanishi nimemweka mara tatu, wa mvua, wa kakao na kilema. Kilema nimemwekea pima maji ndogo ya zamani juu ya mdomo wake. Wateja wote wanaanzia hapo.

Hesabu: rula 30, bahasha 200, manila 60, balbu isiyo na joto 200, balbu za vifaranga 160, kioo cha mkono 100, kioo cha sanduku 600, na nauli za safari tisa za shamba 900. Jumla shilingi 2,250. Safari ya Gede ilikuwa ya likizo, nimeilipia mfuko mwingine.

Gogo la pili limebaki na kabari zake na mshale wake. Vanishi wake leo ana upana wa sentimita 11 na nusu, mkanda mweupe umefifia kwa ukavu. Kipimo kinachofuata ni mvua za vuli zikishaanza, na daftari amelichukua binti.